Back to the Light ya Brian May: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Albamu hii ikitajwa mbele ya wapenzi wa magitaa wanaozungumza Kiswahili, maswali huwa ni yaleyale. Mengi yanaanzia kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, na si ajabu, maana yule ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Hapa yamekusanywa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayowakosesha usingizi wakusanyaji wa rekodi. Jambo likiwa limeelezwa kwenye jibu jingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Back to the Light ni albamu gani hasa?

Ni albamu ya kwanza kamili ya studio ambayo Brian May aliitoa kwa jina lake mwenyewe. May ni Mwingereza, amezaliwa Hampton, pembezoni mwa London, Julai 19, 1947, na ndiye mpiga gitaa wa Queen tangu bendi hiyo ianze mwaka 1970. Albamu ilitoka Uingereza Septemba 28, 1992, miezi kumi baada ya kifo cha Freddie. Waliosimamia utayarishaji ni May mwenyewe na Justin Shirley-Smith.

Ukiiendea ukitafuta Queen, hutaisikia vizuri. Hii ni kazi ya mtu ambaye katika miaka michache ndoa yake ilivunjika, baba yake akafariki, na rafiki aliyefanya naye kazi kwa zaidi ya miaka ishirini akawa anadhoofika mbele ya macho yake. May amesema waziwazi kwamba kipindi kile alizama kwenye huzuni nzito. Ndiyo maana albamu inafunguliwa na The Dark, kipande kifupi cha gizani kinachoanza kwa sauti ya chini kama wimbo wa kumbembelezea mtoto, halafu inapasuka kuingia kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, wimbo wa mtu anayerudi kwenye nuru. Nyimbo hizi mbili zisitenganishwe. Anayeruka ya kwanza kwa kuwa ni fupi anakosa nusu ya ya pili.

Freddie Mercury anaimba humu?

Hapana, hata mstari mmoja. Sauti kuu kwenye nyimbo zote ni ya May. Freddie anaingia kwa njia nyingine: yumo kwenye maudhui ya wimbo mmoja (tazama swali la Nothin' But Blue), na mwingine uliomo humu aliwahi kuuimba akiwa na Queen, ila rekodi yake ilikuja kusikika na umma miaka mitatu baadaye (tazama swali la Too Much Love Will Kill You).

Kwa wanaouliza uhusiano wenyewe ulivyo: Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946. Familia yake iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. May alikutana naye London mwishoni mwa miaka ya 1960, alipokuwa akipiga kwenye bendi iliyoitwa Smile.

Ina nyimbo ngapi?

Kumi na mbili. Kwa mpangilio wake ni The Dark, Back to the Light, Love Token, Resurrection, Too Much Love Will Kill You, Driven by You, Nothin' But Blue, I'm Scared, Last Horizon, Let Your Heart Rule Your Head, Just One Life na Rollin' Over.

Mbona wengine wanasema ni ya 1992, wengine 1993, na siku hizi wengine 2021?

Wote wana sababu. Uingereza ilitoka Septemba 1992 chini ya Parlophone. Marekani ilichelewa hadi Februari 1993, ikatolewa na Hollywood Records. Agosti 6, 2021 ikatolewa upya, sauti ikiwa imesafishwa, baada ya kuadimika madukani kwa miaka mingi. Ukitaka tarehe moja ya kuandika, andika 1992.

Na Star Fleet Project ya 1983 je? Si ndiyo ya kwanza?

Ni rekodi yake ya kwanza nje ya Queen, lakini ina vipande vitatu tu na kwa kawaida haihesabiwi kuwa albamu kamili. Ilirekodiwa kwa siku mbili, Aprili 21 na 22, 1983, kwenye studio ya Record Plant, Los Angeles. May aliwaalika marafiki waje wapige tu kwa raha, mmoja wao akiwa mpiga gitaa Eddie Van Halen. Wimbo mkuu ulitokana na kipindi cha vibaraka cha watoto kutoka Japani ambacho mwanawe alikuwa akikipenda kwenye televisheni.

Furaha ya rekodi ile ni ya watu waliokutana chumba kimoja. Back to the Light ni kinyume chake kabisa: sehemu kubwa ni mtu mmoja na mashine ya kurekodi, usiku kwa usiku.

## Ilivyotengenezwa

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo?

Kazi ilianza mwaka 1988, ikaisha 1992. Katikati hapo Queen walitoa The Miracle mwaka 1989 na Innuendo mwanzoni mwa 1991, na kila bendi ilipoita, May aliiweka albamu yake kando. Aliandika pia muziki wa tamthilia ya Macbeth iliyochezwa London mwaka 1990, na Oktoba 1991 alikuwa miongoni mwa waliobeba tamasha kubwa la wapiga gitaa kule Seville, Hispania.

Hiyo ndiyo sababu ya kwenye karatasi. Nyingine ni kwamba maisha yalikuwa yakimwangukia. Baba yake, Harold, alifariki katika miaka hiyo. Freddie alifariki Novemba 1991. Mtu hawezi kurekodi sauti yake kila siku katika hali hiyo, na kwa masikio yangu ukubwa wa albamu hii uko hapo: nyimbo za 1988 na za 1992 zimekaa pamoja bila kulazimishwa zifanane. Mwenye haraka angeziandika upya zote ziwe na rangi moja.

Ni kweli baadhi ya nyimbo zilizokuwa za albamu hii zilipewa Queen?

Ndiyo. Headlong na I Can't Live with You, zote za Innuendo, May alianza kuzitayarisha kwa ajili yake mwenyewe. Freddie alipoimba Headlong, May aliona wazi kwamba wimbo umempata mwenyewe, akauachia. Kumbuka mwaka ule Freddie alikuwa mgonjwa na anataka kazi, nyimbo nyingi kadiri iwezekanavyo. Ukiwa na wimbo mzuri mkononi, na rafiki wa aina hiyo anataka kuimba, unampa.

Nani wengine wamepiga?

Jina la kulikumbuka ni Cozy Powell, mpiga dramu mzito aliyekwisha pitia Rainbow, Whitesnake na Black Sabbath. Mapigo yake ndiyo yanayoupa Resurrection ule uzito wa kutetemesha kifua. Kwenye gitaa la besi wamo Neil Murray na Gary Tibbs, na John Deacon wa Queen kwenye Nothin' But Blue. Geoff Dugmore amepiga dramu, na Don Airey na Mike Moran wamepiga kinanda.

Waitikiaji wasipitwe. Miriam Stockley, Maggie Ryder na Suzie O'List wanabeba viitikio kwa nguvu ambayo May peke yake asingeifikisha. Stockley ni mzaliwa wa Johannesburg, na miaka michache baadaye sauti yake ilijulikana duniani kote kupitia mradi wa muziki uitwao Adiemus.

Zaidi ya hapo, gitaa, kinanda na besi kwenye sehemu nyingi ni May mwenyewe.

May si mwimbaji. Aliwezaje kubeba albamu nzima?

Alikuwa akiimba siku zote. Kwenye Queen sauti yake ni moja ya tatu zilizojenga zile kwaya maarufu, pamoja na ya Freddie na ya mpiga dramu Roger Taylor, na nyimbo kadhaa aliziongoza mwenyewe, kama '39 ya mwaka 1975 na Sail Away Sweet Sister ya 1980. Kilichokuwa kigeni ni kusimama mbele kwa albamu nzima bila Freddie wa kumpokea.

Sauti yake ni nyembamba, ya juu, yenye mtetemo wa mtu anayejizuia kulia. Kwenye nyimbo za kelele, kama Love Token, anailazimisha na inasikika kuchoka. Kwenye nyimbo tulivu inakaa mahali pake hasa, na udhaifu wake ndio unaokufanya umwamini. Mwimbaji mwenye koo la chuma angeziharibu.

## Gitaa

Ni gitaa gani linalosikika?

Ni Red Special, ambalo May alilitengeneza nyumbani na baba yake kuanzia mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Pesa ya kununua gitaa la kiwandani haikuwepo. Harold alikuwa fundi wa vifaa vya elektroniki, mwenye subira na mikono ya kazi, na iliwachukua takriban miaka miwili.

Shingo ni mbao ya mkangazi iliyotoka kwenye meko la zamani, na matundu ya bunguo waliyaziba kwa vijiti vya kiberiti. Sehemu ya mwili ni mwaloni wa meza kuukuu. Alama nyeupe za shingoni ni vifungo vya lulumizi kutoka kwenye sanduku la ushonaji la mama yake. Springi zinazorudisha nyuzi mahali pake zilitoka kwenye injini ya pikipiki ya Panther ya mwaka 1928, na ule mkono wa kutikisa nyuzi ulikuwa chuma cha kushikilia mkoba wa baiskeli, ukavishwa ncha ya sindano ya kufumia sweta. Vinasa sauti vitatu ndivyo alivyonunua dukani, vya Burns, na kila kimoja kina swichi zake mbili: ya kukiwasha na ya kuugeuza mkondo wake.

Naeleza kwa urefu kwa sababu jambo hili linabadilisha namna ya kuisikiliza albamu. Mtu aliyefiwa na baba anairekodi huku ameshika kitu alichokiunda na baba huyo kwa mikono minne. Sijasikia albamu nyingine ya mpiga gitaa ambayo chombo chenyewe ni sehemu ya msiba.

Mbona magitaa yanasikika kama yanapigwa na watu wengi?

Kwa sababu ni mengi, ila mpigaji ni mmoja. May anarekodi mstari, anarudi kurekodi wa pili juu yake kwa nota tofauti, kisha wa tatu, hadi vikundi vya sauti vinapatikana kama kwaya. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi ana faida hapa: masikio yake yamezoea gitaa la solo, la rizimu na la besi yakizungumza na kujibizana. May anafanya mazungumzo hayo peke yake, na badala ya kila gitaa kushika njia yake, huyafanya yapande na kushuka pamoja.

Mfano mzuri ni katikati ya Back to the Light. Sikiliza kwa spika za masikioni, halafu chagua gitaa moja ulifuate hadi mwisho. Rudia kwa jingine. Utagundua hakuna hata moja lililowekwa kujaza nafasi tu.

Ni kweli anapigia sarafu?

Kweli. Hutumia sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita, badala ya kipande cha plastiki. Haipindi, kwa hiyo mkono ndio unaoamua kila kitu, na meno ya ukingoni yakigusa uzi kwa upande hutoa mkwaruzo mdogo kabla ya nota. Usikie kwenye mwanzo wa misemo ya Last Horizon.

Naweza kuipata sauti hiyo kwa gitaa la kawaida?

Kuikaribia, ndiyo. Kinachoitengeneza ni vitu vitatu: vinasa sauti vya Red Special vimeunganishwa kwa mfuatano, tofauti na magitaa mengi, kuna kijisanduku kinachokuza sauti za juu kabla ya kufika kwenye amplifaya, na amplifaya yenyewe ni Vox AC30, ya valvu, iliyofunguliwa hadi mwisho. Ukubwa wa sauti anaudhibiti kwa kitufe cha kwenye gitaa. Akipunguza, sauti inakuwa safi, akifungua, inaimba.

Anza na kitufe hicho kabla ya kununua chochote. Vijana wengi huweka gitaa kwenye kumi, wakaliacha hapo wimbo mzima, halafu wakalaumu amplifaya.

## Wimbo mmoja mmoja

Too Much Love Will Kill You ni wa Queen au wa May?

Uliandikwa na May pamoja na Frank Musker na Elizabeth Lamers, mwishoni mwa miaka ya 1980, ndoa yake ya kwanza ilipokuwa ikivunjika. Kwa hiyo chimbuko ni lake. Queen waliurekodi wakati wa The Miracle, Freddie akiimba, lakini haukuingia kwenye albamu ile.

Umma uliusikia mara ya kwanza Aprili 20, 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie uwanja wa Wembley. May aliketi kwenye kinanda akauimba mwenyewe mbele ya maelfu ya watu. Agosti mwaka huo akautoa kama singo, ukafika nafasi ya 5 Uingereza. Rekodi ya Freddie ilikuja mwaka 1995 kwenye albamu ya Queen, Made in Heaven, na wimbo ukapata Ivor Novello, tuzo ya watunzi ya Uingereza, mwaka 1997.

Utata unatoka hapo: iliyorekodiwa mwanzo ilisikika mwisho.

Ipi bora, ya May au ya Freddie?

Freddie anauimba vizuri zaidi; kwenye hilo hapana ubishi. Anaupeleka mahali pa juu ambapo maumivu yanageuka utukufu. May anabaki chini na maumivu yenyewe, gitaa likiingia mara moja tu kwa muda mfupi kusema ambacho koo halikuweza. Ninayoirudia ni ya May, kwa kuwa ni mtu anayesimulia yaliyomkuta. Anayempenda Freddie zaidi hana kosa, ila asiikatae ya May kabla ya kuisikiliza mahali ilipowekwa, kati ya kishindo cha Resurrection na Driven by You.

Driven by You ulikuwa tangazo la magari?

Ndiyo, la kampuni ya Ford, Uingereza, mwaka 1991. May alipewa kauli ya kampuni akaijengea wimbo, na papo hapo akaandika maneno mengine kwa ajili yake: kuhusu wawili wanaopendana na kuvutana juu ya nani anamwendesha mwenziwe. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye albamu. Ulipata Ivor Novello kwa upande wa muziki wa matangazo.

Ulitoka kama singo Novemba 25, 1991, siku moja baada ya Freddie kufariki, ukafika nafasi ya 6. Tarehe ilikuwa imepangwa kabla; hakuna aliyeharakisha kuutoa kwa sababu ya msiba.

Wanaoudharau kwa asili yake ya biashara wausikilize solo. Ni sekunde chache zilizopangwa kwa ustadi ambao wengi hawaufikii kwenye albamu nzima.

Nothin' But Blue unamhusu Freddie?

Ndiyo. May ameeleza kwamba maneno aliyaandika usiku wa kuamkia siku Freddie aliyofariki, bila kujua kuwa ndiyo siku yenyewe. Muziki ulianzia kwa Cozy Powell (tazama swali la mwisho kabisa). John Deacon anapiga besi, na hili lina uzito wake: wanaume wawili wa Queen kwenye wimbo wa kumsindikiza wa tatu, Deacon akiwa amekaa kimya nyuma kama alivyokuwa siku zote. Muda si mrefu baadaye aliachana na muziki kabisa.

Last Horizon mbona hauna maneno?

Kwa sababu gitaa ndilo mwimbaji. Ni mdundo wa polepole, kinanda kimetandaza sauti chini, na Red Special linasema kila kitu kwa misemo mirefu yenye nafasi ya kupumua. May ameendelea kuupiga jukwaani kwa miaka mingi, hadi kwenye maonyesho ya Queen na mwimbaji Adam Lambert, akiwa amesimama peke yake kwenye sehemu yake ya gitaa.

Wengi huuhusisha na anga, na wana haki. May aliacha masomo ya fizikia ya anga mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili afuate Queen, akayarudia, akapata shahada ya uzamivu Imperial College mwaka 2007 kwa utafiti juu ya vumbi lililomo kati ya sayari.

Just One Life ni kwa ajili ya nani?

Ni kwa kumbukumbu ya Philip Sayer, mwigizaji wa Uingereza. May hakuwa amemjua. Alihudhuria hafla ya kumkumbuka, akasikia watu wakimweleza, akatoka na wimbo. Ndio wimbo wa kimya kuliko wote humu na ndio unaosahaulika haraka kuliko wote. Usikilize usiku.

Resurrection ni wimbo wa dini?

Si wa kanisani. Unazungumzia kuinuka baada ya kuanguka kabisa, na May aliuandika na Cozy Powell na Jamie Page. Jina ni zito, na muziki unastahili uzito huo.

Let Your Heart Rule Your Head na Rollin' Over zinaonekana hazifanani na nyingine. Zimeingiaje?

Ya kwanza ina mwendo mwepesi wa magitaa ya mbao, muziki wa skifo uliopendwa Uingereza miaka ya 1950, na May aliutunga akimfikiria Lonnie Donegan, mfalme wa muziki ule na mmoja wa waliomfanya atake gitaa utotoni. Ya pili si yake: ni ya bendi ya Small Faces, imetoka kwenye albamu yao ya mwaka 1968, Ogdens' Nut Gone Flake.

Nyimbo hizi mbili zinafungua madirisha baada ya vyumba vizito. Kwa maoni yangu ya kwanza inafanikiwa. Rollin' Over ni changamfu, lakini mimi ningeimaliza albamu kwenye Just One Life.

I'm Scared ni utani?

Ni orodha ya hofu, nyingine kubwa, nyingine za kitoto, zikisemwa haraka juu ya gitaa la fujo. Watu hucheka, na hakika inachekesha, lakini kwa mtu aliyekuwa kwenye hali aliyokuwa May, kuzitaja hofu kwa sauti ilikuwa kazi ya kweli. Kama wimbo, unakwenda mrefu kuliko hoja yake.

## Baada ya kutoka

Ilifanya vizuri sokoni?

Uingereza ilifika nafasi ya 6. Mbali na singo mbili zilizotajwa juu, Back to the Light yenyewe ilifika nafasi ya 19 mwishoni mwa 1992, Resurrection ya 23 mwaka 1993, na Last Horizon ya 51 Desemba mwaka huo. Marekani haikutikisa.

Alifanya ziara?

Ndiyo, na bendi iliyoitwa The Brian May Band: Cozy Powell, Neil Murray, Spike Edney kwenye kinanda, Jamie Moses kwenye gitaa la pili, na waitikiaji Catherine Porter na Shelley Preston. Walianzia Amerika ya Kusini Novemba 1992, kabla Moses hajajiunga, wakawafungulia Guns N' Roses huko Marekani mwaka 1993, wakazunguka Ulaya hadi Desemba. Onyesho la Juni 15, 1993 lilirekodiwa na kutolewa mwaka uliofuata kwa jina Live at the Brixton Academy. Ukiipata, sikiliza jinsi Powell anavyozibadilisha nyimbo za Queen. Si uigaji wa Roger Taylor hata kidogo.

Toleo la 2021 lina nini cha ziada? Nitafute lipi?

Lina albamu yenyewe ikiwa imesafishwa kutoka kanda za awali, na CD ya pili iitwayo Out of the Light. Humo mna Nothin' But Blue, Too Much Love Will Kill You na Just One Life kwa gitaa tupu bila kuimba, rekodi za tangazo la Ford, na za jukwaani za 1993, ikiwemo Tie Your Mother Down, wimbo wa Queen, aliyoipiga na Slash, mpiga gitaa wa Guns N' Roses, kwenye televisheni ya Marekani.

Kwa anayejifunza gitaa, nunua au sikiliza hili bila kusita. Zile rekodi za gitaa tupu ni darasa: mstari wa mwimbaji umekabidhiwa nyuzi, na unasikia anavyoamua wapi pa kuvuta na wapi pa kunyamaza. Santuri ya 1992 watafute wakusanyaji.

Nina rekodi ya Driven by You yenye dramu tofauti. Ni bandia?

La. Ya awali May aliijenga karibu yote mwenyewe. Mwaka 1993 ilirekodiwa upya, Cozy Powell akiwa kwenye dramu na Neil Murray kwenye besi. Hiyo nayo imo kwenye Out of the Light.

Another World ya 1998 ni mwendelezo?

Ni albamu yake ya pili na ina watu walewale kwa kiasi, lakini moyo wake ni mwingine. Imetulia zaidi, na wageni ni wengi, akiwemo mpiga gitaa Jeff Beck. Cozy Powell alipiga humo, kisha akafariki kwa ajali ya gari Aprili 5, 1998, albamu ikiwa haijatoka.

Sijazoea rock. Nianzie wapi?

Last Horizon kwanza, kisha Too Much Love Will Kill You, kisha The Dark na Back to the Light kwa mfululizo. Ukiona masikio yamefunguka, rudi mwanzo uisikilize yote kwa mpangilio. Love Token na I'm Scared zinaweza kungoja.

Nimesikia Ride to Win na Somewhere in Time za Cozy Powell, nikazitambua. Nani kamwibia nani?

Hakuna wizi. Zipo kwenye The Drums Are Back, albamu ya Powell ya mwaka 1992, na May amepiga gitaa humo. Ni ala tupu. May alizipenda, akaomba ruhusa ya kuzitungia maneno, na Ride to Win ikawa Resurrection, Somewhere in Time ikawa Nothin' But Blue. Ndiyo maana Powell ni mtunzi mwenza kwenye zote mbili. Ukifanikiwa kuzipata rekodi zote nne, sikiliza Somewhere in Time kabla ya Nothin' But Blue: huzuni tayari imo kwenye muziki, kabla May hajaandika neno lolote.